Mwarobaini Mbele ya Mahakimu wa Munich

BARAZANI IPOLE
Na Hamisi Kasanda

Hapa Ipole, inapogawanyika barabara itokayo Tabora, moja ikashika njia ya Mpanda na ya pili ya Rungwa, nilimkuta juma hili bibi mmoja akitwanga majani ya mwarobaini, akayaroweka ndooni, akafunika kwa ungo, na alfajiri akayachuja maji yale machungu na kuunyunyizia mchicha wake ulioingiwa na wadudu. Wala hakumtaka mtu idhini, kwani elimu hiyo aliirithi kwa mamaye.

Nikaikumbuka kesi ya mti huo huo. Mwaka 1994 Ofisi ya Hataza ya Ulaya iliwapa kampuni ya W. R. Grace na Wizara ya Kilimo ya Marekani hataza ya kuua kuvu wa mimea kwa mafuta ya mwarobaini, yaani haki ya kumzuia kila mtu mwingine asiitumie njia hiyo bila ya ridhaa yao. Vandana Shiva wa India na wenziwe wakaweka pingamizi wakisema kwamba jambo lililokwisha kujulikana halina mvumbuzi, na akasimama shahidi mmoja, mtu wa kiwanda huko India, akathibitisha kuwa kazi ya namna hiyo aliifanya miaka kadhaa kabla ya hataza kuombwa. Mei 2000 hataza ikafutwa. Wenye hataza wakakata rufaa, na rufaa ikatupwa huko Munich tarehe 8 Machi 2005.

Haki ilipatikana, alhamdulillahi, lakini baada ya miaka kumi na zaidi. Hataza ya Marekani ya kutibu majeraha kwa manjano, iliyotolewa 1995, ilianguka 1997 kwa sababu Wahindi walileta maandishi. Maana sheria ya Marekani, mpaka ilipobadilika Machi 2013, haikuyahesabu matumizi ya nchi za kigeni yasiyopigwa chapa. Mbele ya sheria ile, ndoo ya bibi yule isingekuwa ushahidi wa kitu chochote.

Na warina asali wetu, wajuao gome la mti gani lafaa mzinga na lichunwe majira gani, wameandikwa wapi? Nawasihi walimu wa Ipole: chukueni daftari, kaeni na wazee, waombeni ruhusa kwanza, kwani kuandika bila ya ridhaa ni wizi pia, kisha andikeni jambo, tarehe na majina ya mashahidi wawili.