Vichujio vya floraidi vipatiwe wasimamizi

Upo ugonjwa ambao mwalimu wa darasa la tatu huutambua kabla ya mganga. Katika vijiji vya miteremko ya Mlima Meru, watoto wengi huota meno ya utu uzima ambayo hupata madoa ya kahawia, na baadhi yao hujifunza mapema kuziba mdomo kwa kiganja wanapocheka. Mgeni huweza kudhani ni uvivu wa kupiga mswaki. La hasha! Ni madini ya floraidi, yatokayo katika miamba ya volkano na kuyeyukia katika chemchemi na visima. Anywaye maji yenye floraidi nyingi mno kwa miaka mingi huweza kupindika hata mifupa.

Maji yenyewe ni maangavu, wala hayana harufu ya kutia shaka. Kuyachemsha hakusaidii, kwani mvuke huondoka na floraidi yote ikabaki katika maji yaliyopungua. Tena magadi yanayotumika huko kaskazini kulainishia maharage huongeza floraidi chunguni, jambo ambalo wapishi wa shule wangestahili kuelezwa.

Mwaka 1974 kiwango cha muda kwa maji ya vijijini kiliwekwa kuwa miligramu 8 katika lita moja. Hakikuwa kiwango cha afya. Kilitokana na uhaba, kwa kuwa kukifunga kila chanzo kilichozidi kungewaacha wananchi wengi bila maji. Baadaye kilishushwa hadi 4, na leo ni 1.5, sawa na ushauri wa Shirika la Afya Duniani. Kuiandika tarakimu hiyo katika waraka ni rahisi. Kuifikisha katika kikombe cha mtoto ni kazi nyingine.

Wataalamu wa kituo cha utafiti cha Ngurdoto, mkoani Arusha, waliishughulikia kazi hiyo kwa kitu ambacho machinjio hukitupa: mifupa ya ng'ombe. Mifupa huchomwa katika tanuri, ikapondwa kuwa chengachenga, nazo zikajazwa katika ndoo yenye bomba. Maji yanapopita polepole, floraidi hunaswa juu ya nyuso za chengachenga hizo. Madini ya kalsiamu na fosfeti yaliyomo katika mifupa ndiyo yaliyomo pia katika jino; hivyo floraidi huishikilia mifupa ya ndoo badala ya kwenda kuyaharibu meno ya mnywaji. Moto ukiwa hafifu maji hutoka na harufu mbaya, na ukizidi sana chengachenga hupoteza uwezo wake wa kunasa. Hapana budi pia wananchi waambiwe mifupa ni ya mnyama gani, maana Mwislamu anayeshuku kuwa ni ya nguruwe hatayanywa maji hayo, na ana haki.

Utafiti haukukoma hapo. Mwaka 2015 Dakta Askwar Hilonga wa Taasisi ya Nelson Mandela, Arusha, alipata tuzo ya Chuo cha Kifalme cha Uhandisi cha Uingereza kwa kichujio cha mchanga kilichoongezewa chembe ndogo mno zinazochaguliwa kulingana na uchafu wa mahali.

Hata hivyo, kila kitu kinachonasa hufika mahali kikashiba. Siku hiyo ndoo haitoi ishara yoyote. Maji huendelea kutiririka, maangavu kama jana, na mama huendelea kumnywesha mtoto kwa imani kamili. Kichujio kilichoshiba ni hatari kuliko kutokuwa nacho, kwani asiye nacho walau anajua kwamba hana.

Hapa ndipo mipango mingi hupungukiwa. Fedha za kununua vichujio hupatikana, na sherehe za kuvikabidhi hufana. Bali fungu la kubadilisha chengachenga na la kupima maji yanayotoka halionekani katika makadirio ya mwaka unaofuata. Kosa hilo si la mkemia. Ni la ofisi inayohesabu ndoo zilizogawiwa na kuiita hesabu hiyo maji safi.

Halmashauri zenye floraidi zingeanza na jambo dogo. Kila shule yenye kichujio iwe na daftari linaloonyesha tarehe ya kubadilishwa kwa chengachenga na kipimo cha mwisho cha maji, na mkaguzi wa elimu alidai daftari hilo kama anavyodai la mahudhurio. Ukurasa ukiwa mtupu, bomba lifungwe siku hiyo hiyo, na mhandisi wa maji aandikiwe barua.