Kaskazini Mashariki Hakuna Majumba ya Kale?

Liko neno ambalo wasafiri wa kwetu pwani hulirudia kila wavukapo daraja la Mto Tana na kuingia Garissa: kwamba huku hakuna cha kale cha kutazama. Mtu aliyekulia katika vichochoro vya Lamu, au aliyeizoea Ngome ya Yesu ya Mombasa ambayo Wareno walianza kuijenga mwaka 1593, hutafuta jiwe. Asipoliona jiwe hukata shauri kuwa historia nayo haikupita hapa. Mimi neno hilo silikubali.

Kosa ni kudhani kuwa nyumba ni kuta. Kwa watu wa mji ni hivyo, naam. Kule Lamu, Makumbusho ya Taifa yanaitunza nyumba ya mawe ya Kiswahili pamoja na vidaka vyake, na mgeni hulipa ndipo aingie. Huko Boston, Marekani, watu huenda kuitazama nyumba ya mbao ya sonara Paul Revere, iliyojengwa yapata mwaka 1680 na kufunguliwa kwa umma mwaka 1908. Yote hayo ni mema. Lakini Msomali mfugaji hana nyumba ya kukaa kitako miaka 300 ikingoja wageni.

Nyumba yake huitwa aqal. Hujengwa na wanawake, nayo ni mali ya mwanamke. Fito ndefu hupindwa, zikafungwa kwa kamba, kisha zikavikwa mikeka mizito iliyosukwa kwa mkono. Mvua ikisikika imenyesha kwingine, nyumba huvunjwa. Mikeka huwa matandiko mgongoni mwa ngamia, fito husimama juu yake kama mbavu, na vyombo vya maziwa hutundikwa ubavuni. Asubuhi nyumba imegeuka tandiko. Wakifika, tandiko hugeuka nyumba tena. Nimewaona mafundi wa milango ya Lamu wakifanya kazi, wala sithubutu kusema kuwa ustadi wao unaupita huu.

Sasa turubai na mabati yanakula nafasi ya mikeka, na wasukaji wanazeeka. Kuichukua aqal moja, kuizungushia kamba na kuandika "Usiguse" ni kuwafuga mchwa. Makumbusho ya huku yawaajiri kina mama, waijenge mbele ya wageni na watoto wa shule, waivunje, waipakie, waijenge tena. Fedha zake hazifiki hata za kupaka chokaa nyumba moja ya Bwana Shauri wa kikoloni!

Nimetaja wakoloni. Huko Wajir ipo hadithi wageni wanayoipenda kupita kiasi: maofisa wa Kiingereza walianzisha klabu ya mashua, ilhali bahari iko mbali zaidi ya kilomita 300. Ni kichekesho kizuri, nami nilicheka. Lakini mgeni aondokaye Wajir na kicheko hicho tu, huyo hakufika Wajir.

Maana karibu na mji huo uko uwanja wa ndege wa Wagalla. Kuanzia tarehe 10 Februari 1984 askari wa serikali waliwakusanya hapo wanaume wa ukoo wa Degodia, wakawazuilia juani siku kadhaa bila maji wala chakula, na wengi wakauawa. Serikali ilisema waliokufa ni 57. Mwaka 2000 ikakiri 380. Tume ya Ukweli, Haki na Maridhiano, katika ripoti yake ya mwaka 2013, iliamini kuwa idadi inakaribia elfu moja, na walionusurika husema ni zaidi ya hapo.

Atauliza mtu: uwanja mtupu utatazamwa nini? Namjibu kwa mfano wa Philadelphia. Nyumba aliyokaa George Washington mjini humo alipokuwa rais ilibomolewa mwaka 1832. Hata hivyo mwaka 2010 wenyeji walisimamisha mahali pale pale kumbukumbu yenye majina ya watumwa tisa aliowaweka humo. Hapakuwa na chumba wala kitanda cha kuonyesha, na majina yakatosha. Wala hawakufanya hivyo kwa sababu habari hiyo inawapendeza, wengi iliwachoma.

Wagalla nako ni hivyo. Kukumbukana kila Februari hakutoshi. Uwanja wenyewe uwekewe alama na mipaka isijengwe juu yake, majina yasomeke, na mwanafunzi wa Garissa, Mandera, hata wa Lamu na Mombasa, apelekwe kama anavyopelekwa Ngome ya Yesu. Na asipelekwe na mwongoza wageni aliyekariri karatasi. Aliyekuwa kijana wa miaka 20 mwaka ule wa 1984 sasa amepita 60, na wapo ambao bado wanaweza kumwonyesha mtoto mahali walipolazwa.