Kiraka kilikuwepo tangu Julai
Mwandishi, hapo uliposema kanzidata inayofanya kazi vizuri isiguswe, sikubaliani nawe hata kidogo. Januari 25, 2003 kirusi cha Slammer kilivamia seva za Microsoft SQL Server dunia nzima, zipatazo 75,000, nyingi kati ya hizo ndani ya dakika 10 tu. ATM za Bank of America zikakwama, na katika kinu cha nyuklia cha Davis-Besse kule Ohio mfumo wa kufuatilia usalama ukazimika kwa saa kadhaa. Kiraka cha kuziba tundu ambalo kirusi hicho kilipitia, Microsoft walikitoa Julai 2002! Na wewe ndugu hapo juu unayesema hospitali haiwezi kuzima mfumo: mimi nahudumia kanzidata ya maabara ya hospitali, na viraka tunaweka. Tunaanza na seva ya akiba, tunaijaribu, kisha tunahamishia kazi huko na kugeukia ile kuu. Katizo ni la dakika chache. Ila kabla ya yote tunarejesha nakala rudufu kwenye mashine ya pembeni tuone kama kweli inafunguka. Hatua hiyo ndiyo wengi wanayoiruka, na inaniuma, kwa sababu majibu ya wagonjwa yamo humo.