Elimu ya Jinsia ni Hisabu ya Maendeleo

MIZANI YA JUMA
Na Rukia Abdalla Mwinyi

Yako madai yasikikayo mara kwa mara katika mabaraza yetu, nayo husemwa na watu wenye heshima zao, kwamba elimu ya jinsia ni anasa ya vyuo vikuu, na kwamba taifa lenye haja ya barabara, maji na hospitali halina wasaa wa kuchungua kazi gani ni ya mwanamume na ipi ni ya mwanamke. Nayastahi madai hayo kwa kuwa chimbuko lake ni shauku ya kuiona nchi ikisonga mbele. Lakini nataka kudhihirisha kwamba asiyechungua jambo hilo hupanga maendeleo kwa hisabu pungufu.

Ushahidi wangu natwaa pwani ya mashariki ya Unguja, ambako mwaka 1989 kilimo cha mwani cha biashara kilianza katika vijiji vya Paje na Jambiani, kwa mbegu zilizotoka Ufilipino, baada ya utafiti ambao Profesa Keto Mshigeni wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam aliuanza miaka mingi kabla. Wanaume nao walijaribu kilimo hicho. Lakini walipoona kazi ni nzito na bei ni ndogo, wengi wao waliuacha mwani wakaendelea na uvuvi na vibarua vingine, na wanawake ndio waliobaki. Maji yakipwa wakati wa bamvua, hao huteremka pwani wakainama saa nyingi kuchomeka vigingi, kutandika kamba na kufunga miche kwa vikamba vya tai-tai, kisha huchukua mzigo wa mwani mbichi hadi nchi kavu kuuanika. Pato lao, ijapokuwa haba, limenunua sare za skuli, limeezeka nyumba, na limewapa wake wengi neno katika mashauri ya nyumbani.

Kisha joto la maji ya kina kifupi likazidi, na kotonii, aina ya mwani yenye bei nzuri, ikafa mahali pengi, ikasalia spinosamu yenye bei ya chini. Wataalamu wakashauri kotonii ihamishiwe maji ya kina kirefu, shauri ambalo kwa ilmu ya bahari lilikuwa sahihi. Ila mkulima aliyeambiwa aende huko hakuwa na chombo, maana ngalawa aghalabu ni mali ya wanaume, na wala hakujua kuogelea, maana watoto wa kike wengi hukulia kando ya bahari pasipo mtu wa kuwafunza. Ikabidi mafunzo ya kuogelea na ya kutumia vyombo yawe sehemu ya kilimo, kama vile watafiti wa namna ya Dk. Flower Msuya walivyoona lazima kuwasaidia wanawake kusaga mwani na kuufanya sabuni, ili faida isiishie kwa mnunuzi wa mwani mkavu. Laiti suala la nani ana chombo lingalitangulia suala la kina cha maji, muda na mali nyingi zingaliokolewa.

Taksiri hiyo ni kongwe. Mchumi wa Denmark, Ester Boserup, alibainisha katika kitabu chake cha mwaka 1970 kwamba watawala wa kikoloni barani Afrika waliwafundisha wanaume mazao ya biashara na zana mpya, ilhali wanawake, ambao katika sehemu nyingi ndio waliokuwa wakulima wakuu wa chakula, waliachiwa jembe la mkono. Hata yakawa maendeleo yenyewe ndiyo yaliyoongeza umbali baina yao. Nasi hatuwezi kudai kwamba hatukuambiwa, kwani Azimio la Arusha la mwaka 1967 lilikiri waziwazi kwamba wanawake wa vijijini mara nyingine hufanya kazi hata saa 12 au 14 kwa siku.

Wako wanaohofu kwamba elimu hii italeta fitina baina ya mume na mke. Hofu hiyo naielewa, ila siioni kuwa na msingi, kwa sababu elimu ya jinsia humchungua mwanamume kadhalika: mvuvi anayepotea baharini kwa kulazimishwa na mila kuwa mlishaji wa pekee wa nyumba naye ni somo lake. Dhuluma iliyofichwa ndiyo izaayo fitina. Iliyopimwa na kujulikana huweza kutengenezwa kwa insafu.

Sheria imekwisha kutangulia. Kwa Tanzania Bara, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 imempa mwanamke haki ya ardhi iliyo sawa na ya mwanamume, na katika wajumbe 7 wa baraza la ardhi la kijiji imetaka 3 wawe wanawake. Lakini sheria haijui yanayopita mashambani na majumbani mpaka mtu aende akaulize, na kwenda kuuliza ndiko kusoma jinsia.

Basi nawasihi madiwani na maofisa mipango, Bara na Visiwani: msipitishe mradi wowote kabla ya kuandika katika waraka wake nani atafanya kazi, nani anamiliki chombo au ardhi, na nani atapokea fedha. Mradi usioweza kujibu hayo urudishwe kwa waliouandika.