Gari Likivuja, Fuata Vumbi

Ikiwa nyumbani kwako mna gari la safari ambalo pia hulaliwa, usingoje mvua ndiyo ikuonyeshe palipotoboka. Wilayani Bahi, magharibi ya mji wa Dodoma, mvua ni za msimu mmoja tu: huanza mwishoni mwa Novemba au Desemba na kwisha mwezi wa Aprili. Miezi mingine ni ya vumbi, na vumbi lile laini, lisilokataa ufa wowote, ndilo fundi wa kwanza wa kuulizwa.

Shemeji yangu hufanya biashara ya nguo minadani. Gari lake ni Hiace kuukuu iliyong'olewa viti vya nyuma. Mchana hupakia marobota, na usiku yeye na mkewe hutandika godoro papo hapo. Msimu mmoja wa mvua robota zima lililowa siku nne bila mtu kujua, kwani maji yalijificha chini ya zulia. Lilipofunguliwa, nguo zilikuwa zimekwisha ota kuvu. Mtaji ukapungua, na ada ya mtoto ikabidi ikopwe.

Mimi ndiye niliyekuwa nimejitolea kuziba. Tone lilianguka karibu na mlango wa ubavuni, nami nikapaka lami pale pale, kwa ndani, nikajiona fundi. Mama mkwe, aliyekulia katika tembe, akatazama kazi yangu akasema, "Mwanangu, umeziba lilipotokea. Je, lilipoingilia?" Paa la tembe ni bapa, la miti na udongo; maji yakipenya ufa huufuata mti mwendo wa hatua kadhaa kabla ya kudondoka. Gari nalo ni vivyo hivyo. Tundu lenyewe lilikuwa mbele kabisa, chini ya bolti ya keria, na maji yalisafiri kati ya bati la paa na kitambaa chake. Lami yangu iliyanyima njia ya kutoka, yakatuama na kulitia bati kutu.

Basi kiangazi, baada ya safari ya barabara ya vumbi, usiwahi kuosha. Inua zulia, washa tochi, tazama pembe za vioo, kingo za milango na matundu ya nyaya sakafuni. Palipo na mchirizi wa vumbi, maji nayo yatapita. Paa peke yake hukaguliwa kwa juu, kwa sababu vumbi la barabarani si lazima lifike huko.

Mlango upime kwa chaki. Paka chaki juu ya mpira wake wote, ufunge, kisha ufungue: chaki itaacha mstari kwenye fremu, na pale mstari ulipokatika mpira haugusi. Zibua pia vitundu vilivyo chini kabisa ya mlango. Wengi huvidhania kasoro wakaviziba! Maji hayakosi kuingia mlangoni kandokando ya kioo, na hivyo ndivyo vimewekwa yapate kutoka. Vikijaa tope, maji hufurika ndani.

Ukisha, mwagia maji kwa kopo lililotobolewa matundu. Anzia chini, panda polepole, dakika tano kila mahali, mwenzio akiwa ndani na tochi. Ukianzia juu, maji yatateremka kila upande, nawe hutajua lipi ndilo tundu.

Kuziba ni kazi ya nje, siku ya jua, mahali pakiwa pakavu. Kwangua gundi ya zamani yote pamoja na kutu, na penye bati tupu paka kwanza rangi ya kuzuia kutu. Bolti ya keria ifungue, iwekee washa ya mpira na gundi chini yake, ndipo uikaze. Dukani usichukue silikoni yenye harufu ya siki, maana hiyo hula chuma. Omba ile isiyo na harufu hiyo. Lami, nakusihi, waachie wajenzi wa barabara.

Liko jambo moja lililomtia shemeji hasira bure. Mwezi wa Juni, usiku wa baridi, aliamka akakuta dari imelowa, akaanza kunilaumu upya. Juni hakuna mvua Bahi! Maji yale yalikuwa pumzi zao wenyewe: mtu mzima aliyelala huweza kutoa karibu kikombe cha maji usiku kucha, nayo hugeuka matone yakigusa bati la baridi. Dawa yake si gundi. Shusha vioo viwili kidogo, kimoja kila upande, na utundike wavu wa kuzuia mbu.