Mistari myekundu chini ya Kiswahili

Katika chumba kimoja cha kompyuta hapa Katana, ninakoandikia kazi yangu ya mwisho wa masomo, mashine bado zinatumia Windows XP, mfumo wa mwaka 2001. Programu ya kuandikia inajua Kifaransa tu. "Tulipofika" kosa, "wanafunzi" kosa. Ukurasa mzima unajaa mistari myekundu. Baada ya wiki mbili nilizima ukaguzi wa tahajia, na makosa yangu halisi yakapita pamoja na maneno yaliyosingiziwa.

Kamusi ya tahajia ya Kiswahili ipo, tena ya bure: imo ndani ya LibreOffice. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kilikwisha kutoa Jambo OpenOffice tangu mwaka 2004. Lakini akaunti zetu zimebanwa. Ukitaka kuweka programu yoyote, unadaiwa neno la siri la msimamizi. Hilo silipingi. Microsoft iliacha kuziba matundu ya XP tarehe 8 Aprili 2014, na flashi zetu, tuseme kweli, zimejaa virusi.

Ninachopinga ni kwamba aliyefunga mlango hakuuliza tunaandika kwa lugha gani. Toleo la 5.4 la LibreOffice bado linakubali XP. Msimamizi aliweke mara moja, pamoja na kamusi yake, kisha afunge tena. Ni kazi ya asubuhi moja, umeme ukiwepo. Nasi tunaotetea Kiswahili darasani kila siku, nani amewahi kumwandikia kumwomba? Barua yangu nimeipeleka Jumatatu.