Gari halijaribiwi ili lisifiwe

Vijana wenzangu wa Mantapala, na nyie mlio Kashikishi na boma ya Nchelenge, na nyie wa mashirika mnaotusomaga kimyakimya bila kusema kitu. Leo naandika juu ya magari ya mashindano. Msicheke, mtanielewa mbele.

Jumamosi iliyopita tulikuwa pale tunapochajisha simu, vijana kama sita, simu moja yenye bandali. Tulikuwa tunaangalia video ya Toyota ikifanya majaribio kabla ya Safari Rally ya Kenya, ile inayokuja mwezi wa Machi. Gari linapita juu ya mawe, linaruka, vumbi linabaki nyuma kama moshi wa shamba linalochomwa. Mmoja wetu akasema, "Imeisha hiyo, Toyota anabeba tena." Mwingine akakataa, eti Hyundai ana kasi zaidi mwaka huu, aliona video yao. Wakaanza kuwekeana kwacha. Mimi nikasema wote mnakosea, video ya majaribio haiwezi kuwaambia nani atashinda. Wakaniambia niache ualimu. Sawa, ualimu wangu naumalizia hapa.

Kwanza tuelewane jaribio ni nini. Timu inatafuta kipande cha barabara mbaya, kilomita chache tu. Dereva anapita, anarudi, anapita tena, siku nzima. Kila akisimama mafundi wanabadilisha kitu kimoja: springi, shokapu, tairi, au urefu wa gari toka chini. Wakibadilisha vitano kwa mara moja hawatajua kipi kimesaidia. Halafu wanamuuliza: umesikia nini? Gari limejaa vipimo vya kompyuta, lakini bado wanamuuliza mtu aliyekaa ndani. Naye anasema: nyuma inanitupa, breki inachelewa, usukani mzito kwenye kona. Hakuna anayemjibu, "Mbona unalalamika, gari lenyewe bei yake unaijua?" Siku hiyo kulalamika ndiyo kazi yake, na analipwa kwa kazi hiyo.

Ndiyo maana siku ambayo kitu kimevunjika kwenye majaribio si siku mbaya. Kikivunjika huko, unakishika mkononi, unaona kimevunjikia wapi, unatengeneza kingine chenye nguvu. Kikisubiri kuvunjika siku ya mashindano, umekwisha.

Safari Rally inatuonyesha hilo vizuri. Ilianza mwaka 1953, ikipita Kenya, Uganda na Tanganyika. Zamani njia yake ilikuwa ndefu ajabu, miaka mingine zaidi ya kilomita 5,000, kwenye barabara za kawaida, matope, mito imejaa, ng'ombe katikati. Mwaka 1963 magari saba tu ndiyo yalimaliza. Mwaka 1968 tena, saba tu. Na miaka yote miwili aliyeshinda ni mtu mmoja, Nick Nowicki, na gari lake Peugeot 404. Kwenye Safari kasi peke yake haikutoshi. Gari lazima lifike.

Timu kubwa zilipoelewa hivyo, zikawa zinakuja Kenya mapema, zinakaa, zinaendesha huko huko kwenye mawe na vumbi mpaka zijue kinachokatika. Siku hizi sheria zimebana majaribio, mengi yanafanyika Ulaya, kwenye njia wanazotafuta zifanane na za Naivasha. Wakifika Kenya dereva na msaidizi wake wanapewa nafasi ya kupita njia mara mbili tu, polepole, wakiandika kila kona na kila shimo kwenye daftari. Basi. Baada ya hapo ni mbio.

Mnakumbuka 2021, mwaka Safari iliporudi kwenye mashindano ya dunia baada ya kutolewa tangu 2002? Thierry Neuville wa Hyundai alilala usiku wa Jumamosi akiwa anaongoza. Watu walishaanza kumpongeza. Jumapili asubuhi, shokapu ya nyuma ikafa, mbio zake zikaishia hapo. Sébastien Ogier wa Toyota akashinda, na Takamoto Katsuta, naye wa Toyota, akawa wa pili. Mwaka 2022 Toyota ikachukua nafasi ya kwanza, ya pili, ya tatu na ya nne. 2023 wakarudia hivyo hivyo. 2024 Kalle Rovanperä, 2025 Elfyn Evans. Mara tano mfululizo Toyota. Neuville si mtu wa polepole, mwaka 2024 alikuwa bingwa wa dunia. Tatizo kasi ilikuwepo, ila chuma kilikataa.

Sasa kuhusu video na muda wa majaribio, angalieni Formula 1. Mwaka 2019 huko Barcelona, Ferrari ya Sebastian Vettel ndiyo ilimaliza majaribio ikiwa na muda mzuri kuliko wote. Watu wakaandika kwamba mwaka ni wao. Mashindano yakaanza, Mercedes ikamaliza ya kwanza na ya pili kwenye mbio tano za mwanzo, zote tano. Sababu ni kwamba kwenye majaribio hujui nani amejaza mafuta mengi na nani amejaza kidogo, nani anaficha na nani anataka apigwe picha.

Na kinyume chake kipo. Desemba 2008 kampuni ya Honda ikatangaza inaacha Formula 1. Wafanyakazi wakabaki hawajui kesho. Ross Brawn akaichukua timu, gari likachelewa, wakafika kwenye majaribio mwezi wa Machi 2009 wakati wenzao wameshazunguka sana, na gari lenyewe halina matangazo karibu yoyote. Likakimbia kuliko yote. Wengine wakasema wamepunguza mafuta ili wapate wafadhili. Kumbe ni kweli lilikuwa na kasi. Melbourne wakatoka wa kwanza na wa pili, na mwaka huo Jenson Button akawa bingwa wa dunia. Ferrari walisifiwa ikawa bure, Brawn wakashukiwa ikawa kweli. Mtu wa nje hajui. Anayejua ni dereva na fundi wake, kama wameambiana ukweli.

Hapa kwetu ziwani mambo hayo tunayajua bila Formula 1. Toka tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari serikali ya Zambia inafunga uvuvi. Ukienda Kashikishi sasa hivi utaona wavuvi wamekaa na nyavu magotini wanashona, mitumbwi imegeuzwa matumbo juu. Papa mmoja aliniambia, kabla ya Machi mtumbwi anauingiza majini pale pale kando, maji ya kiunoni, anakaa ndani na kusikiliza. Anataka uvuje. Ukivuja hapo, atachukua pamba na lami azibe. Akiona hauvuji kabisa, anaogopa, anatafuta tena. Nikakumbuka 2017, namna wengine wetu walivyovuka toka upande wa Kilwa ya Congo usiku, kisiwa cha Kilwa kikiwa cheusi katikati ya maji, mitumbwi ambayo hakuna aliyepata muda wa kuijaribu. Waliofika wanajua nasema nini.

Sasa nifike kwenye jambo lililonifanya niandike.

Miaka michache nyuma, shirika moja, jina nabaki nalo, lilileta majiko mapya ya kuokoa kuni. Wakasema kwanza ni jaribio, familia chache tu, halafu tutaona. Wazo zuri kabisa, kama gari kwenye kipande cha barabara. Mimi nikawa mjitolea wa kukusanya majibu. Karatasi niliyopewa ilikuwa na maswali, na kila swali na majibu matatu: nimefurahi sana, nimefurahi, nimefurahi kidogo. Hakukuwa na mahali pa kuandika kinachotikisika.

Nikafika kwa mama mmoja wa blok yetu mwenye watoto wengi. Akaniambia, "Mwanangu, jiko ni zuri, kuni kidogo, chai inachemka haraka. Lakini kwa bukari linacheza. Sufuria yangu ni kubwa, nikisonga kwa nguvu linataka kuanguka." Akanionyesha. Kweli lilicheza. Mama wengine wawili wakaniambia hivyo hivyo.

Nikaandika: nimefurahi.

Kwa nini? Nisiwadanganye. Posho yangu ya mwezi ilikuwa inakaribia kuisha na waliokuwa wanaongeza mkataba ni hao hao. Bosi wangu alikuwa mtu mwema, nikaona nikileta karatasi chafu nitamharibia. Na nikajiambia, jiko la bure, nani anamkagua meno punda wa zawadi. Majiko yakapita, yakagawiwa kwa wengi, tukapiga picha. Baada ya wiki kadhaa sufuria ikaanguka kwa mama yule yule, bukari ikamwagikia mtoto wake wa kike mguuni. Alipona, anatembea, anacheza mpira, lakini alama iko. Yule mama hajawahi kuniambia neno. Tukikutana kisimani ananisalimu vizuri na kuniuliza habari za nyumbani. Ingekuwa afadhali angenitukana.

Ndiyo maana nikiangalia Toyota na dereva wake, siangalii gari linavyoruka. Naangalia pale linaposimama, mlango unafunguka, na fundi anainama kusikiliza. Dereva akisema "gari ni zuri tu" ili asimuudhi mkubwa, atakayevunjika Naivasha ni yeye mwenyewe. Mimi nilisema "jiko ni zuri tu," na aliyeungua si mimi.

Kwa hiyo maoni yangu ni haya. Neno "majaribio" tunalisikia sana hapa kambini. Majaribio ya pesa mkononi badala ya chakula, majaribio ya mbegu, majaribio ya mafunzo ya miezi mitatu. Sipingi. Mtu asiyejaribu anatuletea kitu kibichi kwa wote. Lakini jaribio ambalo jibu lake limeshaandikwa si jaribio, hayo ni matangazo.

Ndugu zetu wa mashirika, najua mtasema: muda ni mfupi, mfadhili anataka matokeo mazuri. Hata timu za magari zina wanaolipa, na wanaolipa wanachoka. Si mmeona Honda walivyoondoka? Lakini hakuna anayelipa ili asikie gari halina tatizo mwezi wa Februari. Wanalipa ili lifike Machi. Wekeni kwenye karatasi mstari mmoja mtupu, mtu aandike kilichotikisika. Na mjitolea akileta habari mbaya, msimwondoe kwenye orodha mwezi unaofuata. Mkimwondoa mmoja tu, wengine wote watajifunza kuandika "nimefurahi".

Na sisi vijana tusijifiche nyuma ya mashirika, maana kalamu ilikuwa mkononi mwangu. Kuna mtu mmoja wa Safari nampenda, Shekhar Mehta. Alizaliwa Uganda, na mwaka 1972 Idi Amin alipowafukuza Waasia, akahamia Kenya. Alitoka familia ya matajiri, simfananishi na sisi wa hema na mihogo, lakini kufukuzwa ni kufukuzwa. Mwaka uliofuata, 1973, akashinda Safari na Datsun, akiwa na pointi sawa na Harry Källström wa Sweden, kanuni ndiyo ikawatenganisha. Halafu akashinda tena 1979, 1980, 1981 na 1982. Mara tano. Huwezi kushinda mara nne mfululizo kwenye njia inayoua magari kama unajidanganya juu ya gari lako.

Nimefungua daftari. Liko kwangu, blok ile ile, mnanijua. Yeyote aliye kwenye mradi wa majaribio sasa hivi, aje aniambie kinachocheza: jiko, mbegu, pampu, masomo, chochote. Jina lako sitaandika kama hutaki. Kila mwisho wa mwezi nitayasoma kwenye mkutano wetu, mbele ya watu wa mashirika watakaokuja, kama nilivyoambiwa, bila kupunguza sukari wala chumvi. Ukurasa wa kwanza nimeandika mwenyewe habari ya jiko, na kwa yule mama nimeenda. Tuliyozungumza ni ya kwetu wawili.

Na ule ubishi wa Jumamosi? Rovanperä ameondoka, Toyota haina yule tena, na Hyundai wana njaa ya miaka mitano. Lakini mimi nimeweka kwacha kumi kwa Toyota. Video haijanishawishi. Nimeangalia nani kwa miaka mitano gari lake linafika. Nikikosa nitalipa, na nitaandika kwenye daftari kwamba nilikosa.